Kimo Kwanza, Upana Mwisho: Mwongozo wa Kuchagua Tairi la Gari la Mashindano ya Nje ya Lami

Gari la mashindano likiegeshwa karibu na soko la Keumbu halikosi wakaguzi. Watatazama stika, watasikiliza bomba la moshi, kisha watainama kwenye matairi na kutoa hukumu. Tairi likijaza madigadi mpaka likachungulia nje, gari hilo ni la kazi. Likiwa jembamba, mwenyewe ataulizwa pesa zilimwishia wapi. Hukumu hiyo ya upana ndiyo ninayoipinga hapa. Hoja yangu ni kwamba saizi ya tairi la gari linalokimbia nje ya lami huanza na kimo, yaani urefu wa tairi kutoka ardhini hadi juu likiwa limejaa upepo, na kimo chenyewe huamuliwa na gia pamoja na nafasi iliyopo chini ya madigadi. Baada ya kimo hufuata ubavu. Upana ni wa mwisho kabisa, na kwenye udongo wa Gusii mara nyingi jibu lake ni kupunguza, si kuongeza. Anayejua kukagua tairi hufuata mpangilio huo, na ndiyo sababu mara nyingi utamkuta amevalisha gari lake tairi dogo kuliko uwezo wa mfuko wake.

Ardhi ndiyo inayoanza kusema. Keumbu iko kwenye barabara ya lami itokayo Kisii kwenda Keroka na kuendelea mpaka Sotik, na ukiiacha lami hiyo kuelekea Birongo au Ibeno unakutana na kile ambacho gari la mashindano linapaswa kukiogopa: mteremko mkali, kona isiyoonyesha mwisho wake, kisha mlima wa kupandia upande wa pili. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya bahari na nchi inazidi kuinuka kadiri uendavyo mashariki. Mvua inazidi milimita 1,500 kwa mwaka na hakuna mwezi unaoweza kuapa kwamba hautanyesha. Udongo ni mwekundu, wa asili ya volkano, wenye mfinyanzi mwingi. Ukikauka unakuwa mgumu na kutoa vumbi jembamba juu. Ukilowa, tabaka la juu linageuka utelezi huku chini yake kukiwa bado na sakafu ngumu, ama udongo ulioshindiliwa na magurudumu ya miaka mingi, ama murram iliyomwagwa na kufunikwa. Jambo hilo la sakafu ndilo kiini cha mjadala wote. Penye sakafu, tairi linalostahili ni lile linalokata utelezi na kufika chini haraka. Pasipo na sakafu, kama kwenye kinamasi cha mabondeni au kwenye mchanga mzito, tairi linalostahili ni lile linaloelea. Haya ni mahitaji mawili yanayopingana, na mtu akikuambia tairi fulani ni zuri kwa matope yote, muulize anazungumzia matope yapi.

Wenyeji wanao ushahidi wa kila siku. Majani chai yaliyochumwa hayangoji; lazima yafike kiwandani siku hiyohiyo, iwe Kiamokama, Sanganyi, Kebirigo au Nyansiongo, na malori yanayoyakusanya vituoni hupita mvua inyeshe isinyeshe. Malori hayo ya wastani huvaa matairi marefu na membamba, 7.50 au 8.25 kwenye rimu ya 16. Mpinzani atasema, na ni kweli, kwamba saizi hiyo ilichaguliwa na mtengenezaji kwa ajili ya mzigo, hakuwa akifikiria utelezi wa Gusii. Basi nisiulazimishe ushahidi huo useme zaidi ya uwezo wake. Unachoonyesha ni kwamba gari zito kwenye tairi jembamba halizami kama jicho linavyotabiri, na pale linapozama kidogo, ndipo linaposhika. Kwa ushahidi ulio karibu zaidi na mashindano inabidi tutoke Gusii, lakini kwanza tusomeshane namba.

Tairi lililoandikwa 205/65R15 lina upana wa milimita 205. Ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 133. Nalo hukaa kwenye rimu ya inchi 15. Ili kupata kimo, chukua rimu kwa milimita (inchi 15 ni 381), uongeze ubavu mara mbili. Jibu ni takriban milimita 647. Tairi la mtindo wa zamani kama 7.50R16 limeandikwa upana kwa inchi, na ubavu haukutajwa kwa sababu ulichukuliwa kuwa mrefu. Kimo chake ni karibu milimita 810. Yale ya mtindo wa Kimarekani, kama 35x12.50R15, hutaja kimo moja kwa moja: inchi 35 kwenda juu, inchi 12 na nusu kwa upana. Hesabu hii inaweza kufanywa kwa simu kabla ya kumlipa mtu yeyote, na asiyeifanya hujikuta akilinganisha matairi mawili kwa rimu zake tu, kosa ambalo wauza rimu hawana haraka ya kulisahihisha.

Sasa upana. Imani iliyoenea ni kwamba tairi pana lina eneo kubwa zaidi la kugusa ardhi, hivyo hushika zaidi. Sehemu ya kwanza ya imani hiyo si sahihi. Kinacholibeba gari ni upepo uliomo ndani ya tairi, na eneo la mguso hutokana na uzito uliogawanywa kwa presha. Gurudumu likibeba kilo 350 na tairi likiwa na upepo wa paundi 30, ambazo ni kama kilo 2.1 kwa kila sentimita ya mraba, eneo la mguso litakuwa kwenye sentimita 167 za mraba, tairi liwe pana au jembamba. Ugumu wa ubavu hubadilisha jibu kidogo, lakini si kwa kiasi cha kuivunja kanuni. Upana hubadilisha umbo la eneo hilo. Tairi lenye uso wa sentimita 17 litagusa ardhi kwa urefu wa karibu sentimita 10. Lenye uso wa sentimita 26 litagusa kwa sentimita sita na kitu, ila kwa upana zaidi. Kwenye lami, mguso mpana na mfupi unasaidia kona. Kwenye utelezi wenye sakafu chini, tairi pana hulazimika kusukuma mbele yake ukuta mpana wa tope, na nguvu ya injini inaishia kulima. Jembamba husukuma tope kidogo, na mguso wake mrefu huweka meno mengi zaidi yakifuatana kwenye mstari mmoja, kila jino likikanyaga penye njia iliyosafishwa na lililotangulia. Ukitaka eneo kubwa kwelikweli, dawa yake ni upepo: shusha paundi 30 ziwe 20, na eneo lile la 167 linafika 250. Tairi lenye ubavu mrefu litakuruhusu kufanya hivyo. Pana lenye ubavu mfupi litagonga rimu kwenye jiwe la kwanza.

Historia ya mashindano ya magari ya Safari Rally imeandikwa kwa matairi membamba. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalikutana na matope yasiyochagua gari la tajiri. Volkswagen Beetle ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena 1957 na 1962. Gari hilo la miaka hiyo lilivaa 5.60-15, tairi lenye upana wa kama sentimita 14 na kimo cha karibu sentimita 66. Yaani kimo chake kinazidi kidogo cha gari la kisasa la ralli, huku upana ukiwa theluthi mbili hivi ya wa leo. Hapa pana pingamizi la haki: Beetle ilifaulu kwa sababu injini yake ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma. Nakubali, na naona pingamizi hilo linaiimarisha hoja badala ya kuidhoofisha. Kilichofanya kazi ni uzito kukaa juu ya tairi jembamba mpaka lifike kwenye sakafu. Tandaza uzito uleule juu ya tairi pana, na sehemu ya faida hiyo umeirudisha. Kuna pia kisa cha Patrick Njiru, aliyemaliza Safari ya 1993 na kushinda daraja lake akiwa na Subaru Vivio, kigari cha injini ya sentimita za ujazo 660 na matairi ambayo vijana wa Keumbu wangeyaonea huruma. Colin McRae, aliyekuwa na kigari kama hicho katika mashindano hayohayo, hakufika mwisho. Kwa hiyo tairi dogo halikuwa na muujiza wowote, ila halikuwa kizuizi kwa gari lililolingana nalo.

Ushahidi wenye uzito zaidi ni wa sasa. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, magari ya daraja la juu yalivaa tairi la changarawe la 205/65R15. Yale ya Rally1 yaliyoanza mwaka 2022 yalikuwa na nguvu ya zaidi ya farasi 500, na bado yalipitishwa kwenye mawe ya Bonde la Ufa kwa upana wa milimita 205, uleule unaoukuta kwenye gari la kawaida la familia. Ila magari hayo yakienda kushindana kwenye lami ya Ulaya huvaa 235/40R18. Fanya hesabu. Rimu imepanda inchi tatu, upana umeongezeka milimita 30, ubavu umeshuka kutoka milimita 133 hadi 94. Kimo? Kutoka takriban 647 hadi 645. Milimita mbili! Watu wenye fedha, maabara na kompyuta za kutosha, wakihama kutoka mawe makali hadi lami laini, hubadilisha kila kitu cha tairi isipokuwa kimo. Kimo kimefungwa kwenye gia, kwenye umbo la chini la gari na kwenye nafasi ya madigadi, na kukigusa ni kuligusa gari zima. Upana nao huhamahama kulingana na ardhi: mkubwa zaidi kwenye lami, mdogo zaidi kwenye changarawe.

Mtu makini atauliza: si kanuni ndizo zinazowalazimisha? Ni kweli, saizi hizo zimewekwa na kanuni na muuzaji ni mmoja, Pirelli hadi 2024 na Hankook kuanzia 2025. Hakuna timu inayoweza kuja Naivasha na tairi la 255. Kwa hiyo siwezi kusema kila timu ilichagua 205 kwa hiari. Lakini kanuni yenyewe haikutoka hewani. Mamlaka ileile iliyoruhusu 235 kwenye lami ndiyo iliyoweka 205 kwenye changarawe, na kama upana ungekuwa usalama au mshiko wa bure, isingekuwepo sababu ya kuuzuia usitumike palipo na hatari kubwa zaidi ya kuteleza. Tena vimo viwili kulingana kuna sababu zaidi ya kanuni. Uhandisi nao unavitaka vilingane.

Pingamizi zito zaidi linatoka jangwani. Katika mashindano ya Dakar ya 2021, dereva Nasser Al-Attiyah alilalamika waziwazi juu ya pancha zilizokuwa zikiyaandama magari ya magurudumu manne yanayosukuma, yaliyofungwa kwenye matairi ya inchi 32 huku magari mepesi ya magurudumu mawili yanayosukuma yakiruhusiwa inchi 37. Mwaka 2022 kanuni ikabadilika, daraja la T1+ likazaliwa na matairi ya inchi 37, na Al-Attiyah akashinda kwa Toyota Hilux. Je, hapo tairi kubwa halikushinda hoja? Lilishinda, ila angalia bei iliyolipwa. Pamoja na tairi jipya, upana wa gari ulioruhusiwa ulipanda kutoka mita 2 hadi 2.3, na mwendo wa springi ukaongezwa kutoka milimita 280 hadi 350. Hilux ile haikuvalishwa tairi kubwa. Lilitengenezwa gari jingine lililoanzia kwenye tairi. Anayenunua matairi ya inchi 35 na kuyafunga kwenye gari lililochorwa kwa ajili ya 31, akitaja Dakar kuwa shahidi wake, amechukua nusu ya mfano, tena ile nusu rahisi.

Tuipime nusu hiyo kwa mfano wa nyumbani. Chukua gari la chesisi lenye 235/85R16, kimo milimita 806, na difu yenye uwiano wa 4.10. Funga 35x12.50R15, kimo milimita 889. Nafasi ya chini ya difu imeongezeka kwa nusu ya tofauti, kama milimita 41, sawa na upana wa vidole viwili vya mtu mzima. Hiyo ndiyo faida, na si ndogo. Hasara ni kwamba kila mzunguko wa gurudumu sasa unameza asilimia 10 zaidi ya barabara, hivyo difu ya 4.10 inafanya kazi kana kwamba ni ya 3.72. Gia ya kwanza imekuwa ndefu, spidomita inasema 100 ukiwa unakwenda 110, breki ina mkono mrefu zaidi wa kupambana nao, na kila tairi mara nyingi limeongeza kilo kadhaa kwenye ncha ya ekseli, mahali ambapo springi na shokamzoba haziwezi kuzibeba. Kisha kumbuka ulipo. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Keumbu imekwisha kukunyang'anya zaidi ya asilimia 15 kabla hujawasha gari. Ukichanganya hasara hiyo na ya kimo, gari lililopanda mlima kwa gia ya pili sasa linataka ya kwanza, na lililopanda kwa ya kwanza linataka kusukumwa. Wapo wanaosema difu hubadilishwa, weka 4.56 mambo yaishe. Sawa: 4.56 kwenye tairi la 889 inarudisha karibu uwiano uleule wa mwanzo. Ila wakati huo bajeti ya matairi imekuwa bajeti ya difu mbili, mbele na nyuma, na hoja yangu imethibitika, kwamba kimo huamuliwa pamoja na gia, si kabla yake.

Nisionekane kuabudu wembamba. Pako mahali ambapo tairi kubwa na pana lina haki yake, na mkaguzi asiyepajua ni mshabiki tu wa upande wa pili. Rhino Charge, iliyoanza 1989 kuchangia uzio wa Aberdare, ni mfano mzuri. Magari hutakiwa kufika vituo 13 ndani ya saa 10 kwa kupita umbali mfupi iwezekanavyo, na anayeshinda ni aliyepiga mstari ulionyooka zaidi, si aliyekimbia. Mstari ulionyooka hupita kwenye makorongo na mawe makubwa kuliko gari, kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa gia za chini za gia boksi ya pili. Hapo kimo ndicho kila kitu, urefu wa gia hauumi sana, na upana unasaidia tairi lisiporomoke ukingoni mwa jiwe. Naivasha nayo ina vumbi la volkano linaloitwa fesh-fesh, laini kiasi cha kumeza gurudumu. Kwenye vumbi hilo refu tairi pana lingeelea vizuri zaidi. Madereva wa dunia hulipita kwa 205 kwa sababu wana mwendo na nguvu, na kwa sababu kilomita nyingi zaidi za mbio hizo ni mawe. Hiyo ndiyo busara yenyewe: saizi huchaguliwa kwa ardhi inayotawala mbio, siyo kwa shimo moja linalotisha. Anayejenga gari la kukimbia kwenye udongo wa Gusii asichague tairi kwa ajili ya kinamasi kimoja alichosimuliwa.

Baada ya kimo huja ubavu, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa ajili ya urembo. Chukua Subaru Impreza inayovaa 205/55R16: kimo milimita 632, ubavu milimita 113. Kijana akitaka kuipeleka kwenye mbio za changarawe, kishawishi ni rimu ya 17, ambayo kwa kimo kilekile itamwachia ubavu wa milimita 100. Mwelekeo sahihi ni wa kushuka. Rimu ya 15 yenye 205/65 inampa ubavu wa milimita 133, na kimo kinapanda kwa asilimia mbili na nusu tu, kiasi ambacho gia hazitalalamika. Milimita 20 za ubavu zilizoongezeka ndizo zinazobonyea jiwe linapogonga, zikiokoa rimu na tairi kwa pamoja. Kikwazo chake ni breki. Impreza zenye nguvu huja na breki kubwa ambazo rimu ya 15 haiwezi kuzifunika, na jibu la kweli ni kupunguza sahani ya breki. Magari ya Rally1 yenyewe hutumia sahani za milimita 300 kwenye changarawe na 370 kwenye lami, yakikubali breki ndogo ili yapate ubavu mrefu. Asiyetaka kugusa breki abaki na 16 na atafute 205/60, kimo milimita 652, akihakikisha haikwaruzi popote.

Linabaki pingamizi la mfuko, ambalo wachambuzi wa matairi hulikwepa kwa sababu haliko kwenye vitabu vyao. Nani Keumbu atapata 205/65R15 ya mashindano? Hainunuliwi dukani kama unga. Fundi wa pancha ana alichonacho, na kingi ni cha mtumba. Pingamizi hili nalipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa upatikanaji nao ni sehemu ya ubora wa saizi. Gari la mashindano halihitaji matairi manne. Linahitaji sita, kwa maana mawili ya akiba lazima yalingane na yaliyo chini. Kwenye gari la magurudumu manne yanayosukuma, kuchanganya vimo viwili ni kuilazimisha difu ya katikati izunguke muda wote, na inaweza kuungua. Kwa hiyo saizi iliyo pungufu kidogo ya ile bora, lakini unayoweza kuipata sita zinazofanana Kisii au Kisumu, ni saizi bora kuliko ile ya kwenye picha unayopata mbili. Ndiyo sababu 7.50R16 imeheshimika miaka yote kwenye Land Cruiser za kazi: kimo kirefu, upana mdogo, na hakuna mji wa soko utakaoikosa.

Kwenye mtumba, hata hivyo, saizi sahihi hailikomboi tairi zee. Ubavuni pana tarakimu nne mwishoni mwa herufi za DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazima na umri wa miaka kumi ni hatari kuliko lenye nusu ya meno na umri wa miwili, maana mpira uliokauka hupasuka ubavuni, mahali pasipozibika. Pinda ubavu kwa dole gumba na utazame kama kuna nyufa ndogo. Soma pia herufi ya mwendo: matairi mengi ya matope yana Q, yaani yameruhusiwa mwisho kilomita 160 kwa saa, na hiyo inatosha kwa njia za Birongo ila haitoshi kwa kila mbio. Na 7.50-16 isiyo na R katikati ni tairi la nyuzi za kukatizana, gumu ubavuni, lisilopenda kasi. Usiliuziwe kama ndugu wa 7.50R16 kwa kuwa namba zinafanana.

Kipimo cha mwisho hufanyika uani na hakihitaji pesa, ila jeki, futi na subira. Wengi hufunga tairi jipya, huzungusha stelingi gari likiwa limesimama, wakiona halikwaruzi huridhika. Hawajapima chochote, kwa sababu gari lililosimama liko katikati ya mwendo wa springi. Ondoa springi ya mbele, acha shokamzoba pekee, kisha inua gurudumu kwa jeki mpaka ligonge mpira wa juu kabisa. Hapo zungusha stelingi kutoka mwisho hadi mwisho na utazame pande nne: madigadi juu, bampa mbele, mlango nyuma, na mkono wa springi upande wa ndani. Upande wa ndani ndio unaosahauliwa, na ndio ambao tairi pana huugusa kwanza. Kisha usikubali nafasi ya unywele. Udongo mwekundu ukilowa hunata kwenye meno, hujaa chini ya madigadi na kukauka humo, na tairi lililopita asubuhi likiwa safi litafika jioni limezungukwa na tope linalosugua kama breki. Acha sentimita mbili na nusu pande zote gurudumu likiwa juu kabisa. Tairi likikosa nafasi hiyo, msumeno wa kukata madigadi unaweza kukupa ya nje. Ya ndani hupatikana kwa kusogeza rimu nje au kupunguza upana wa tairi, na kusogeza rimu nje huipa bearingi mzigo ambao haikutengenezewa.

Gari likishuka kwenye jeki, weka alama ya chaki kwenye tairi na chini, lisukume mzunguko mmoja kamili likiwa na uzito wake wote, na upime umbali kwa futi. Tairi la 205/65R15 litakupa pungufu kidogo ya mita mbili, kwa sababu lililobonyea chini ya uzito haliwi refu kama la kwenye karatasi. Rudia kwa yote sita, yale ya akiba pia, kwa upepo uleule. Yakitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja hivi, yapange makubwa pamoja na madogo pamoja kwa ekseli, isipokuwa kwenye gari la magurudumu manne yanayosukuma, ambapo yote lazima yalingane, na yanayobaki yarudi kwa muuzaji kabla chaki haijafutika.